SUKA ALIKUWA ANAMPIGA TINGO KWA NINI? STORI INAANZIA KWENYE JAHAZI

Leo tunaweka pembeni kidogo habari za mastaa na nani kamuacha nani. Kuna kitu kimenikaa kooni wiki mbili sasa.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko kwenye lori. Anajifunza. Mzigo wao unatoka Tanga kwenda Dar, na siku nyingine wanavuka mpaka pale Horohoro. Usiku mmoja kanitumia ujumbe wa sauti, anaongea chinichini kama mtu aliyejificha: "Kaka, leo mwalimu wangu kanizaba kofi mbele ya watu pale Segera. Kisa gia imelia. Niache au nivumilie?"

Sikumjibu usiku ule. Nilikaa nikajiuliza, hivi huu mchezo wa dereva kumpiga anayemfundisha ulianza lini? Maana mimi mwenyewe niliyakuta haya, na aliyenipiga mimi aliyakuta kwa mwingine. Nikaanza kuuliza wazee, nikaanza kusoma. Nilichokipata ni kirefu kuliko nilivyodhani, twende taratibu.

LORI NI MTOTO WA JAHAZI

Sisi watu wa pwani tuna kitu hatukioni kwa sababu kila siku tunakitamka. Neno usukani, kabla ya gari kufika huku, lilikuwa kile kifaa cha nyuma ya jahazi cha kuelekezea chombo. Ndiyo maana mtaani dereva tunamwita "suka". Neno nauli ni la safari za baharini. Shehena ni la baharini. Hata polisi wa barabarani akisema "vyombo vya moto", hilo neno chombo wazee wa Pangani walikuwa wanaliita jahazi. Rubani naye, kabla hajapanda ndege, alikuwa mtu wa kuingiza meli bandarini.

Sasa kama maneno yalishuka kutoka baharini yakapanda barabarani, unadhani tabia zilibaki baharini? Kwenye jahazi kulikuwa na ngazi. Juu nahodha, chini yake serahangi, halafu mabaharia, na chini kabisa mtoto wa chombo, yule anayepika, anayechota maji yaliyoingia, anayetumwa na kila mtu. Hakuna aliyekaa naye kumfundisha. Alijifunza kwa kuangalia, na akikosea alijua. Tena katikati ya bahari huwezi kusema naacha kazi nishuke.

Ukimtazama tingo wa lori, au utingo, au taniboi kama wazee wanavyomwita, utaona ni mtoto wa chombo yuleyule ila amepewa tairi. Anapika, anaosha, analinda mzigo usiku, anabeba kabari ya kuwekea tairi mlimani, na siku akibahatika anaachiwa usukani uwanjani.

HENDELI NA KIBOKO

Tanga yetu ilifunguliwa na mkonge na reli. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya kutoka Tanga kwenda bara ulianza. Wajerumani wale wale ndio wazee wetu waliowaita watu wa "hamsa ishirini", kwa sababu ya adhabu yao ya viboko 25. Kwahiyo msingi wa kazi za mshahara huku kwetu ulikuwa bosi mwenye kiboko mkononi. Hili tulikumbuke.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza malori yakaanza kuongezeka. Magari ya zamani hayakuwa na swichi, ulikuwa unachomeka hendeli kwa mbele unazungusha kwa nguvu mpaka injini iwake. Injini ikirudisha nyuma, hendeli inaweza kukuvunja mkono. Marekani Charles Kettering alitengeneza mtambo wa kuwasha kwa umeme mwaka 1911, ila malori yaliendelea na hendeli miaka mingi baadaye. Unadhani nani alikuwa anazungusha? Si suka. Ni kijana. Wengi wanasema hata jina taniboi limetokana na huko kuzungusha.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili, 1939 mpaka 1945. Waingereza wakachukua maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki, jeshi la KAR ambalo wazee wanaliita Keya. Walipelekwa Ethiopia, Madagaska, mpaka Burma. Na jeshi linatembea kwa malori, kwahiyo wengi walifundishwa kuendesha kule kule jeshini. Waliporudi, ujuzi waliokuwa nao wa kuuza ni usukani. Mtu aliyefundishwa gari na sajini, kwa amri na matusi, akirudi uraiani atamfundisha vipi kijana wake? Atamfundisha kisajini.

BARABARA YA ZAMBIA

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini ya kupitisha mafuta na shaba imebana. Ikabidi mizigo ipite Tanzania. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika 1968, reli ya TAZARA ikajengwa 1970 mpaka 1975. Kabla ya hapo mzigo mkubwa ulibebwa na malori, mapipa ya mafuta yanapanda, shaba inashuka, kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo wazungu waliibatiza Njia ya Jehanamu.

Hapo ndipo udereva wa masafa ukawa kazi ya heshima, na hapo ndipo ukali ukapata sababu. Tuwe wakweli. Gia za malori ya zamani hazikuwa zinaingia kirahisi kama za leo. Ukitaka kushusha gia unakanyaga klachi unatoa, unaachia, unapiga mafuta kidogo ili injini ifikie mwendo wa gia, unakanyaga tena unaingiza. Ukikosea gia inalia, na inaweza isiingie kabisa. Lori lenye tani kibao linateremka mlima, gia haipo, breki zimepata moto hazishiki, hapo ni kuomba dua. Kwahiyo suka aliposikia gia inalia alikuwa anasikia kifo. Alipiga kelele kwa hofu. Hilo naliheshimu.

Ila kofi halikusaidia gia kuingia. Hili nalisema kwa sababu yamenikuta.

NATI MBILI

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri, tusiingie huko. Nikapiga utingo kwenye lori la machungwa, tunapakia Muheza tunapeleka Dar. Suka wangu simtaji, na mwenye gari simtaji. Alikuwa fundi wa usukani kweli kweli, ila mkono mwepesi. Ukiuliza swali kofi, usipouliza ukakosea kofi. Neno lake lilikuwa "utajifunza kwa macho, mdomo wa kulia ugali". Mzee alikuwa na methali moja anaipenda, ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Na mimi niliinama, tena mvunguni mwa lori hasa, na grisi mpaka masikioni.

Siku moja usiku tairi la nyuma likapasuka pale Hale. Tukabadilisha. Yeye akaenda kunywa chai, akaniachia nikaze nati. Boliti mbili meno yalikuwa yameisha, nati inazunguka tu haikazi. Niliona. Nikasimama na spana nikiangalia kule kwenye kibanda cha chai. Nikafikiria, nikimwambia atasema nimeziua mimi, atanizaba mbele ya wale mama ntilie. Nikanyamaza. Akarudi akauliza, "Tayari we dogo?" Nikasema, "Tayari bosi."

Tumepita Segera, tumepita Kabuku, gari likaanza kucheza nyuma. Suka akahisi kwenye usukani, akapunguza, akalitoa pembeni. Kabla halijasimama vizuri tairi likachomoka, likapita mbele yetu kama lina safari zake, likaingia porini. Nyuma yetu lilikuwa linakuja basi la abiria. Taa zake zilitupita. Kama tairi lingekata kulia badala ya kushoto, leo nisingekuwa naandika hapa.

Akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kwa nini hukuniambia?"

Nikamwambia, "Nilikuogopa, bosi."

Hakunipiga. Hakusema kitu mpaka kulipokucha. Sitawadanganya kwamba alibadilika akawa malaika, matusi yaliendelea mpaka siku nashuka kwenye lori lile. Ila toka siku ile akawa anasema, "Ukiona kitu nipigie kelele, hata kama nimelala."

WENZETU WALIJIFUNZA KWA VIFO

Hii haiko kwa malori tu. Tarehe 27 Machi 1977, kisiwa cha Tenerife huko Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Rubani wa KLM alikuwa bingwa, mwalimu wa marubani wenzake. Alianza kuruka bila ruhusa kamili. Mhandisi wake wa ndani ya ndege aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Akajibiwa kwamba imetoka. Hakubishana na bosi. Sekunde chache baadaye yakatokea yale.

Baada ya hapo mashirika ya ndege yakaanza kuwafundisha marubani wakubwa kusikiliza, na wadogo kusema. Imekuwa sehemu ya mafunzo mpaka leo. Nikisoma ile habari nilikuwa naona nati zangu mbili za Hale.

LEO IKOJE

Kwa upande wetu sheria ipo muda mrefu. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na inataka anayejifunza awe na leseni ya kujifunzia, ile tunaiita lena. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilianzishwa 1975, na VETA ikaja kwa sheria ya 1994. Malori makubwa na matela yana daraja lake la leseni, E. Kwahiyo ile habari ya kusema udereva wa lori unapatikana kwa kofi tu imepitwa na wakati. Ila tuambiane ukweli, ada ni pesa, na vijana wengi bado wanaanzia kwenye utingo ndipo wanaenda darasani kutafuta cheti.

Na Tanga kazi zipo. Barabara ya Tanga mpaka Horohoro, kilomita 65, sasa ni lami. Bomba la mafuta kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake ni hapa Chongoleani. Malori yatahitaji watu. Swali ni watu wa aina gani, wanaosema wakiona nati imelegea au wanaonyamaza kama mimi.

NILICHOMJIBU DOGO

Nilimjibu hivi, na kama na wewe uko kwenye hali hiyo chukua.

Kwanza tenganisha kelele na kipigo. Mtu akikufokea mlimani kwamba umechelewa gia, msikilize, anaweza kuwa anaokoa maisha yenu. Akikuzaba pale Segera gari limesimama, hiyo haifundishi kitu, ni hasira zake.

Pili, usiongee naye akiwa na moto. Subiri mmepaki, mmekula, mwambie kwa heshima: "Mzee, mimi nataka kujifunza. Nikikosea niambie nimekosea wapi. Ila ukinipiga nitaanza kukuficha mambo, na tutakufa wote." Wazee wengi hawajawahi kuambiwa hivyo na tingo wao.

Tatu, andika. Kila kosa ulilolifanya leo liandike kwenye simu usiku. Kosa lilelile likijirudia wiki nzima, hapo tatizo ni lako.

Nne, akirudia kukupiga, shuka. Hii si jahazi katikati ya bahari. Lori linasimama Muheza, linasimama Mkata, linasimama Chalinze. Kushuka si kushindwa kazi, unabadilisha mwalimu tu.

Dogo alijaribu la pili. Mzee wake alicheka, akamwita mtoto wa mama, na siku tatu baadaye akamzaba tena. Dogo akashuka Muheza na begi lake, akalala kwa shangazi. Alikaa nyumbani siku tisa bila kazi na mama mdogo akanipigia simu kunilaumu, eti nimemharibia mtoto riziki. Niliumia, siwafichi.

Juzi kapata lori lingine. Suka mpya anafoka kama radi, dogo anasema mpaka masikio yanauma, ila mikono yake iko kwenye usukani muda wote. Jana kamwachia gari uwanjani kwa mara ya kwanza, arudishe tela kinyumenyume. Ameligonga pipa.

Kwa wale mliopita utingo, au mna baba na wajomba waliokula barabara ya Zambia enzi hizo, tiririkeni hapo chini kwenye maoni. Ulipigwa? Ilikusaidia au ilikufundisha kuficha? Na mama mdogo kama unasoma hii, nisamehe, ila ningemwambia hivyohivyo tena.