Daktari wa Nani? Historia ya Upimaji wa Ulemavu Nchini Uingereza

Tangu dola ya Uingereza ilipoanza kusimamia malipo kwa raia ambao maradhi au majeraha yamewazuia kufanya kazi, malipo hayo mara nyingi yamefungamana na sharti moja ambalo waombaji hawajawahi kuliridhia: kwamba mtu apimwe na daktari ambaye si yeye aliyemchagua, na ambaye kauli yake ndiyo itakayoamua apate au akose. Historia ya sharti hilo, ambayo sasa imepita karne nzima, inaonyesha kwamba wananchi hawakukosa imani na vipimo hivyo kwa kutoelewa tiba, wala kwa sababu wengi wao walikuwa wakijisingizia ugonjwa. Walikosa imani kwa sababu ya swali ambalo kila kizazi kililiuliza upya, yaani, daktari anayempima mtu kwa niaba ya mlipaji anamtumikia nani?

Mizizi ya swali hilo imo katika Sheria ya Maskini ya mwaka 1834, iliyowatenga maskini wenye nguvu za kufanya kazi na wasiojiweza, na kuwalazimisha wale wa kwanza kuingia katika nyumba za kazi, ambamo maisha yalifanywa magumu kwa makusudi ili msaada usitamaniwe. Hata hivyo, daktari hakuwa mwamuzi wa kawaida wa madai ya fedha hadi ilipopitishwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 1897, iliyomtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kazini, na ambayo mwaka 1906 ilipanuliwa ili kujumuisha maradhi ya kazi kama vile kimeta na sumu ya madini ya risasi. Kuanzia hapo mgonjwa mmoja aliweza kuwa na madaktari wawili, mmoja wa mwajiri au kampuni ya bima na mwingine wa chama cha wafanyakazi, nao walipotazama mgongo uleule wakatoa taarifa zinazopingana, wafanyakazi walijifunza kwamba elimu ya tiba inaweza kuegemea upande. Mwaka 1913 daktari John Collie, aliyekuwa na uzoefu mkubwa wa kuwapima wadai kwa niaba ya waajiri na makampuni ya bima, alichapisha kitabu kizima kuhusu watu wanaojifanya wagonjwa, na shaka iliyokuwa desturi ya ofisi ikapewa sura ya taaluma.

Wakati huohuo, Sheria ya Bima ya Taifa ya mwaka 1911 iliwapa wafanyakazi waliochangia haki ya kulipwa wakiugua, shilingi 10 kwa wiki kwa wanaume na shilingi 7 na nusu kwa wanawake, ilimradi walete cheti cha daktari. Daktari huyo alichaguliwa na mgonjwa mwenyewe kutoka orodha ya madaktari waliojiunga na mpango huo, na kwa hiyo safari hii lawama zilitoka upande wa pili, kwa kuwa vyama vilivyoidhinishwa kulipa fedha hizo vililalamika kwamba daktari anayeogopa kumpoteza mgonjwa hawezi kumnyima cheti. Jibu la serikali, lililoanza kutekelezwa mwaka 1920, lilikuwa kuajiri maofisa wa tiba wa mikoa, ambao kazi yao mojawapo ilikuwa kuwapima upya wagonjwa ambao vyeti vyao vilitiliwa shaka.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ililifikisha suala hili katika maelfu ya familia. Wizara ya Pensheni, iliyoundwa mwaka 1916, ilipima ulemavu wa wanajeshi kwa asilimia zilizopangwa katika jedwali, ambamo kupoteza viungo viwili kulihesabiwa kuwa asilimia 100 na kumpatia askari wa kawaida shilingi 27 na nusu kwa wiki, na majeraha mengine yakashuka kutoka hapo. Jedwali lilikuwa na faida ya kuwatendea sawa watu waliokatwa mguu mahali pamoja, lakini halikuwa na kipimo cha kuaminika kwa askari aliyerudi na viungo vyote huku akitetemeka, akikosa usingizi na kushindwa kuzungumza, hali iliyojulikana kama mshtuko wa vita. Wanajeshi wa namna hiyo, waliofika maelfu mengi, waliitwa mara kwa mara mbele ya bodi za madaktari, ambazo ziliweza kupunguza pensheni zao au kudai kwamba maradhi hayo walikuwa nayo kabla ya kwenda vitani.

Malalamiko ya wanajeshi hao ndiyo yaliyozaa hatua ya maana kuliko zote katika historia hii. Mwaka 1919 walipewa haki ya kisheria ya kukata rufaa kwenye mabaraza yasiyokuwa chini ya Wizara, ambamo waliketi mwanasheria, daktari na mwanajeshi mwenye ulemavu. Na mwaka 1943, katikati ya vita vingine, mzigo wa kuthibitisha ukahamishwa, ikawa ni juu ya Wizara kuonyesha kwamba maradhi hayakutokana na utumishi, badala ya askari kuthibitisha kwamba yalitokana nao. Daktari hakuondolewa katika mabadiliko hayo, bali kauli yake iliwekwa mahali inapoweza kuhojiwa.

Kwa raia wa kawaida mambo yalikwenda kinyume. Mafao ya ulemavu wa muda mrefu yaliyoanzishwa mwaka 1971 yalitegemea zaidi cheti cha daktari anayemtibu mgonjwa, lakini idadi ya waliolipwa ilipoongezeka sana katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwaka 1995 serikali iliweka kipimo kipya cha alama, na upimaji ukahamia kwa madaktari wa serikali. Mwaka 1998 huduma hiyo ya upimaji ilikabidhiwa kampuni binafsi, na baada ya makampuni kuunganishwa na kununuliwa, mkataba ukafika mikononi mwa Atos. Kipimo kingine kilianza mwaka 2008, ambamo mtu alihitaji kwa kawaida kufikisha alama 15 ili ahesabiwe hawezi kufanya kazi, na mpimaji, ambaye aliweza kuwa daktari, muuguzi au mtaalamu wa viungo, alijaza majibu kwenye programu ya kompyuta. Miongoni mwa yaliyopimwa ni kama mtu anaweza kuinua mkono kana kwamba anatia kitu katika mfuko wa juu wa koti, au kubeba pakiti ya lita 1 ya kimiminika, na waombaji walilalamika kwamba tendo lililofanyika mara moja katika chumba cha upimaji halielezi maumivu yanayolifuata wala uchovu wa siku ya pili.

Malalamiko hayo hayakubaki maneno ya mitaani. Mwaka 2013 mahakama ziliamua kwamba utaratibu huo uliwaweka watu wenye maradhi ya akili katika hali ngumu isiyo ya haki, na mwaka uliofuata Atos ikakubali kuuacha mkataba kabla ya muda wake. Mnamo Agosti 2015 serikali ilitoa takwimu zilizoonyesha kwamba watu 2,380 walifariki kati ya Desemba 2011 na Februari 2014 baada ya kuelezwa kuwa wanaweza kufanya kazi. Serikali ilisisitiza kwamba takwimu hizo hazithibitishi kuwa uamuzi ulisababisha vifo, jambo ambalo ni kweli, lakini kwa wafiwa hesabu hiyo iliacha swali zito juu ya usahihi wa vipimo. Mwaka 2018 kamati ya Bunge inayoshughulikia kazi na pensheni, baada ya kupokea ushuhuda wa maelfu ya waombaji, ilieleza juu ya taarifa zenye makosa ya wazi, ikiwamo ya mtu aliyeandikiwa kwamba humtembeza mbwa wake kila siku, ilhali hakuwa na mbwa na alitembea kwa shida, na ikapendekeza mahojiano yote yarekodiwe.

Ni haki kukiri kwamba fedha za umma zinahitaji mlinzi, na kwamba daktari anayemtibu mtu kwa miaka mingi anaweza kushindwa kumkatalia. Lakini ulinzi huo ulipojengwa juu ya dhana kwamba mwombaji ni mwongo hadi athibitishe vinginevyo, na zaidi ya nusu ya rufaa za mafao hayo zikawa zinashinda katika miaka ya mwisho ya muongo wa 2010, shaka ya wananchi ilikuwa hitimisho la busara lililotokana na ushahidi.

Somo hilo linazihusu pia nchi zilizorithi sheria za Kiingereza. Sheria ya fidia ya Kenya ya mwaka 2007 na ile ya Tanzania ya mwaka 2008 zinaendelea kutumia majedwali ya asilimia za ulemavu, na kwa hiyo mfanyakazi wa Mombasa au Mwanza aliyekatwa vidole na mashine hukutana na swali lilelile lililowakabili wanajeshi wa mwaka 1917. Jedwali zuri na daktari hodari ni vitu vya lazima, lakini historia ya Uingereza inathibitisha kwamba havitoshi kumfanya mtu aliyeumia auamini uamuzi unaomhusu, mpaka aweze kuisoma taarifa iliyoandikwa juu ya mwili wake, kuijibu, na kuipeleka mbele ya baraza lisilolipwa na yule anayetaka kuokoa fedha.