Babu Yangu, Fundi wa Majahazi

Marehemu babu yangu, Mola amrehemu, alikuwa miongoni mwa mafundi wa Matondoni, kisiwani Lamu, ambao, pasina ramani wala hesabu ya kuandikwa, walilaza mkuku, wakasimamisha mataruma, wakatoboa mbao kwa keekee na kuzipigilia, kisha wakakalafati kila mwanya kwa pamba iliyotiwa mafuta, hata chombo kikawa tayari kupakwa shahamu chini na sifa juu, tayari kuchukua boriti za mikoko hadi Arabuni kwa upepo wa kusi. Walakini yeye, ambaye riziki yake ilitokana na misumari, aliisifu zaidi mitepe ya kale, iliyoshonwa kwa kamba za usumba bila ya msumari wa chuma. Nami naona alizidisha unyenyekevu.