Mlango wa Uungwana

Waswahili tunasema kwamba uungwana ni vitendo. Methali hii twaifundisha madarasani, na mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu upesi kwamba mtu hupimwa kwa mwenendo wake, si kwa majivuno yake. Jawabu hilo ni sahihi, ila lina upungufu mmoja: halielezi kwa nini ilikuwa lazima jambo hilo lisemwe. Watu hawana haja ya kusisitiza lile ambalo hakuna anayelikana. Ikiwa wazee wetu walishikilia kwamba uungwana ni vitendo, basi walikuwako wengine walioshikilia kwamba uungwana ni kitu kingine. Katika makala haya tunakusudia kueleza kitu hicho kilikuwa nini, kililindwa kwa njia zipi, na waliofungiwa nje walibishaje hodi hata mlango ukafunguka.

Katika miji ya mwambao ya karne ya 19, tangu Lamu hadi Kilwa, na katika visiwa vya Unguja na Pemba, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaotajika na mwenye sauti katika mambo ya mji. Adabu njema ilihesabiwa kuwa mali yake, kama vile nyumba ya mawe ilivyokuwa mali yake. Mkabala wake alikuwa mtumwa, na jina lenyewe lajieleza: mtu wa kutumwa, ambaye safari zake zote ni za mwingine. Watumwa nao walipangwa ngazi kwa ngazi. Aliyeletwa karibuni kutoka bara aliitwa mjinga. Aliyezaliwa pwani katika nyumba ya bwana wake aliitwa mzalia, naye alijiona bora kuliko mjinga. Aliyeruhusiwa kutafuta kazi ya ujira mjini, akamgawia bwana wake sehemu ya mapato, aliitwa kibarua, na neno hilo lingali midomoni mwetu. Watu wa bara kwa jumla waliitwa washenzi.

Yafaa tuzingatie kazi iliyofanywa na maneno hayo. Mtu aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa alikuwa na lugha yake, ukoo wake, mila zake na ujuzi wake wa ardhi. Alipofikishwa pwani, vyote hivyo vilifutwa kwa neno moja, mjinga, kana kwamba kutojua Kiswahili ni kutojua kitu chochote. Ndiyo desturi ya wenye nguvu mahali pengi: kwanza humnyang'anya mtu alicho nacho, kisha humlaumu kwa kukikosa.

Kufuli la kwanza la mlango wa uungwana lilikuwa nasaba. Waungwana walijinasibisha na Shirazi au na Uarabuni, wakadai kwamba heshima yao imo katika damu. Lakini historia haikubaliani nao. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana wake alizaliwa huru, naye alihesabiwa katika ukoo wa babake. Wana wa Seyyid Said waliotawala Unguja baada yake, akina Majid na Barghash, walizaliwa na masuria. Utumwa wa mama haukuwazuia kukaa juu ya kiti cha enzi. Wakati huohuo, kijana ambaye baba na mama yake walikuwa watumwa hakuweza kutumaini kumwoa binti wa waungwana, hata angekuwa hodari na mcha Mungu namna gani. Basi jambo lililoamua halikuwa damu. Lilikuwa mkono wa mwenye nyumba, anayemfungulia huyu na kumfungia yule.

Kufuli la pili lilikuwa nguo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika kitabu Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, ameeleza mengi juu ya desturi hizi. Mtumwa hakuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mavazi yake yalikuwa merikani, nguo nyeupe isiyo na nakshi, na mavazi ya mjakazi yalikuwa kaniki, nguo iliyotiwa rangi nzito. Mwanamke mwungwana alijifunika alipotoka nje. Mjakazi alitakiwa apite kichwa wazi. Kwa hiyo mtu hakuhitaji kuulizwa yeye ni nani. Mji ulimsoma kutoka mbali, ukajua kama atakaribishwa barazani au ataamriwa kubeba mzigo.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Muhammed alitoa amri ya kuondoa utumwa wenyewe. Wengi hudhani kwamba hadithi iliishia hapo, lakini masharti ya amri hiyo yaonyesha sivyo. Mtumwa hakuwa huru siku hiyo. Alipaswa kwenda kuuomba uhuru wake. Masuria hawakuhusishwa hata mwaka 1909. Serikali ililipa fidia, na fidia hiyo alipewa bwana, si mtu aliyefanyishwa kazi bila ujira. Tena aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, asije akahesabiwa kuwa mzururaji. Makazi atayapata wapi, naye hana hata shubiri ya ardhi?

Hapa ndipo lilipotiwa kufuli la tatu, lililokuwa zito kuliko yote. Wengi walibaki katika mashamba yaleyale ya karafuu kwa mapatano ya desturi. Walipewa mahali pa kujenga kibanda na kulima mihogo, nao walipalilia chini ya mikarafuu ya mwenye shamba. Kitu kimoja kilikatazwa: kupanda mti wa kudumu. Muhogo hung'olewa ukaisha. Mnazi na mkarafuu husimama miaka mingi, na katika desturi ya visiwani mwenye kupanda mti ana haki juu ya mti wake. Kumruhusu mtu apande mnazi kulikuwa ni kumruhusu awe na kesho. Waliokuwa watumwa waliachiwa mazao ya msimu, wakanyimwa mazao ya kurithisha watoto. Hapakuwa na mnyororo tena, lakini mtoto wa mpaliliaji alikua akawa mpaliliaji.

Wengine walikimbilia mjini. Huko Unguja walijenga vibanda ng'ambo ya hori lililotenganisha mji wa mawe na upande wa pili, na mahali hapo pakaitwa Ng'ambo mpaka leo. Jina hilo tu latosha kuonyesha ni nani aliyelitoa, maana ng'ambo huonekana na aliyesimama upande huu. Kibanda kilikuwa cha aliyekijenga, lakini kiwanja kilikuwa cha mwenye ardhi, na kodi ya kiwanja ilipanda katika miaka ya 1920. Mwaka 1928 wakazi, wanaume kwa wanawake, waligoma kulipa. Waliokamatwa walikwenda kutolewa gerezani na umati wa watu, na baadaye serikali ililazimika kuweka mipaka ya kodi hiyo. Tukio hili hatulitaji mara nyingi madarasani. Lastahili kutajwa, kwa kuwa watu walioambiwa hawana sauti walisema kwa sauti moja.

Kufuli la nne lilikuwa elimu. Katika Lamu ya wakati huo, elimu ya dini ilikaa mikononi mwa koo chache zenye heshima, nayo ilikuwa ngao yao, kwani asiyesoma hawezi kubishana na anayemwambia kwamba Mungu amempangia hali yake. Habib Saleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija aliyehamia Lamu katika karne ya 19, aliwafundisha watu wa chini, pamoja na watumwa na watoto wao. Alikaa nao upande wa Langoni, akala nao, akaruhusu dufu na nyimbo katika maulidi yao. Baadhi ya wakubwa wa mji walichukizwa. Lakini msikiti wa Riyadha alioujenga ulikuwa chuo kilichovuta wanafunzi kutoka pwani yote, na maulidi yake yangali yakihudhuriwa na watu wa mbali.

Mfano wa pili wa kubisha hodi umo katika sanaa. Mwishoni mwa karne ya 19 ilienea kanga, nguo yenye rangi na nakshi. Wanawake waliotoka utumwani waliitupa kaniki, wakavaa kanga na kujifunika vichwa kama walivyotaka. Leo twaiita kanga vazi la heshima na urithi wa taifa. Tusisahau kwamba kwa mwanamke aliyeivaa mara ya kwanza ilikuwa kama hati ya uhuru wake.

Miongoni mwa wanawake hao alikuwako binti mmoja wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa karibu na mwaka 1880, wa wazazi waliotoka utumwani. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Alifinyanga vyungu na kuvitembeza akiviuza kwa kuvinadi kwa sauti yake. Alihamia mjini karibu na mwaka 1911, akajifunza muziki, akawa mwimbaji. Wakati huo taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi mjini hawakuifahamu. Yeye aliimba kwa Kiswahili, akayaingiza katika nyimbo mambo ya mtaani, dhuluma na mahakama. Mwaka 1928, ule ule wa mgomo wa Ng'ambo, alikwenda Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zilienea Afrika Mashariki yote. Watu walimwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Shaaban Robert aliona maisha yake yanastahili kuandikwa, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Alikufa mwaka 1950. Walikuwako waliomkejeli kwa asili yake na kwa sura yake. Majina yao hayakumbukwi.

Wakoloni hawakuuvunja mlango huu, walibadilisha makufuli. Katika Dar es Salaam, kanuni za ujenzi zilizoanzishwa na Wajerumani na kuendelezwa na Waingereza ziligawa mji mafungu matatu kwa aina ya nyumba. Kanuni za Waingereza hazikutaja rangi ya mtu, zilitaja aina ya jengo tu. Lakini kila mtu alijua nani ana uwezo wa kujenga jengo gani, na mji ukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Shule nazo zilikuwa mbalimbali kwa Wazungu, Wahindi na Waafrika, na shule ya serikali iliyofunguliwa Tabora mwaka 1925 ilikusudiwa wana wa machifu. Huko Unguja, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgawo wa chakula ulifuata asili ya mtu: mchele ulitengwa zaidi kwa Waarabu na Waasia. Haishangazi kwamba watu wengi walibadilisha jina la kabila walilojiandikisha. Jina likigawa mchele, mwenye njaa atalitafuta jina.

Baada ya Uhuru, shule za rangi zilikomeshwa Tanganyika mwaka 1962. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, ardhi ilitwaliwa na serikali, na kuanzia mwaka 1965 wakulima walianza kugawiwa eka tatu tatu. Mwana wa mpaliliaji akapata mahali pa kupanda mnazi. Mapinduzi hayo yalikuwa na machungu yake pia. Watu wengi waliuawa na wengine walikimbia, baadhi yao kwa sababu ya asili yao tu, na hilo latufundisha kwamba kufuli la nasaba laweza kugeuzwa upande wa pili likaendelea kufunga. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangaza kwamba binadamu wote ni sawa, na katika miaka ya 1970 elimu ya msingi ilifanywa ya lazima kwa kila mtoto.

Katika safari hiyo ndefu, neno lenyewe liligeuka. Mwungwana hakuitwa tena mtu wa ukoo fulani. Aliitwa mtu mwenye utu. Hatuna shaka kwamba mgeuko huo haukutolewa na wakubwa kama zawadi. Uliletwa na waliopanda mihogo, waliofinyanga vyungu, waliogoma kulipa kodi na waliokaa Langoni wakisoma. Waliuchukua msamiati wa mabwana wao wakautia maana mpya, na lugha yetu imeipokea maana hiyo.

Lakini maana iliyogeuka mara moja yaweza kugeuka tena. Sisi tuliopata kusoma na kukaa nyuma ya meza za ofisi hatuna budi kujiuliza kama hatukujiwekea mlango wetu. Mkulima ametoka mbali, amefika dirishani na karatasi yake, nasi twamwambia aje kesho, kwa sauti ambayo hatuitumii kwa mtu aliyevaa suti. Binti anayetupikia nyumbani hula jikoni baada ya wote, na jina lake hatulitaji mbele ya wageni. Mwanafunzi anayekosea neno la Kiingereza huchekwa na wenzake, na mara nyingine na mwalimu, kana kwamba amekosa akili. Naye huacha kuuliza maswali. Huyo amekwisha kuitwa mjinga kwa maana ileile ya zamani, yaani mgeni wa lugha ya wenye nyumba.

Kwa hiyo twawaomba walimu, watakapoifundisha tena methali hii, wasiwaulize wanafunzi maana yake tu. Wawaulize ni nani katika darasa lao, katika mtaa wao na katika nyumba zao, ambaye angali akisimama nje ya mlango, na ufunguo ameushika nani.