Irabu Mbili za Jina la Mganga: Rufiji katika Kazi ya Ebrahim Hussein

Mto Rufiji ukaribiapo bahari hugawanyika mikono mingi katikati ya misitu ya mikoko. Upande wa kaskazini wa mikono hiyo sasa umo katika Wilaya ya Kibiti, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rufiji. Upande wa kusini uko Mohoro, palipokuwa kituo cha utawala wa Wadachi. Hapo Mohoro, tarehe 4 Agosti 1905, alinyongwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu Wamatumbi waanze kung'oa pamba ya kulazimishwa. Vita vya Maji Maji vikaendelea hata mwaka wa 1907, lakini aliyeitoa dawa hakuviona vikienea wala hakuuona mwisho wake.

Jambo hili ni la kukumbukwa kila inapopimwa kazi ya Ebrahim Hussein, mtunzi aliyezaliwa pwani ya kusini mwaka 1943. Mganga hakuacha maandishi, na habari zake zilikaa vinywani mwa wazee hata G. C. K. Gwassa alipozikusanya, akatoa pamoja na John Iliffe kitabu cha kumbukumbu za vita hivyo mwaka 1968. Mwaka uliofuata ilitoka tamthilia ya Hussein, nayo iliitwa *Kinjeketile*. Baina ya jina la masimulizi na jina la tamthilia pana tofauti ya irabu mbili, na mtunzi mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wake kwamba mtu wa mchezoni siye yule wa historia.

Katika tamthilia mganga huvutwa mtoni na Hongo, akatoka na neno la kuwaunganisha watu waliokuwa wakishukiana. Neno hilo humshinda nguvu: yeye huwataka watu wangoje, nao hawangoji. Kisha Hussein humpa mganga siku ambazo historia ilimnyima. Humwacha aishi hata aone risasi zikiwaua walioamini, na akiwa kifungoni hutakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Akikubali, watoto wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana. Naye hukataa. Swali hilo hakuulizwa mtu wa Ngarambe, kwani kamba ilimtangulia. Ni swali la taifa jipya la miaka ya 1960, lililowekwa kinywani mwa marehemu wa Rufiji.

Kazi zilizofuata zaonyesha kwamba mtunzi hakuliacha swali hilo. *Mashetani* (1971) huchungua uhuru uliokwisha kupatikana na utengano wa matabaka uliobaki ndani yake. *Jogoo Kijijini* na *Ngao ya Jadi*, zilizotoka pamoja mwaka 1976, zilitungwa ili mtambaji mmoja azisimulie, kwa ushairi usiofungwa na vina. *Arusi* ilitoka mwaka 1980, na katika *Kwenye Ukingo wa Thim* (1988) mila na sheria hushindana juu ya maiti na mahali pa kuizika. Tena na tena neno la wengi hukutana na mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ndiye alipaye.

Urithi wake katika ushairi ni mkubwa. Alipokuwa kijana, wengi walishikilia kwamba pasipo vina na mizani hapana shairi. Yeye alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba pumzi ya msimulizi nayo yaweza kuwa kipimo. Tangu mwaka 2014 imekuwapo tuzo ya ushairi wa Kiswahili yenye jina lake.

Walakini urithi ulio wazi kuliko wote umo katika zile irabu mbili. Leo watu wengi, hata wakikusudia yule mganga wa kweli, huliandika jina lake kama alivyoliandika mtunzi. Hii ni sifa kuu kwa sanaa, na ni hatari kwa kumbukumbu. Asomaye tamthilia peke yake atadhani kwamba mtu wa Ngarambe aliyaonja mashaka ya kushindwa, hali alikufa vita vikiwa vichanga. Wataalamu wa lugha wana wajibu wa kuyahifadhi majina yote mawili, kila moja mahali pake: Kinjeketile, aliyeachiwa siku za kujibu, na Kinjikitile, aliyezimwa Mohoro kabla hajaulizwa.