Chombo cha Udongo na Kanda za Sumaku: Historia ya Kumbukumbu za Kompyuta katika Ikulu ya Marekani na Funzo lake kwa Kanisa

Utangulizi

Katika Yeremia 32 nabii ananunua shamba la Anathothi wakati majeshi ya Babeli yameuzingira mji. Hati ya ununuzi inaandikwa kwa nakala mbili, moja iliyotiwa muhuri na nyingine iliyo wazi. Mashahidi wanaiandikia majina yao, kisha Baruku anaagizwa mbele ya watu kuziweka nakala zote mbili ndani ya chombo cha udongo ili zisiharibike upesi. Wafafanuzi wengi wameona hapa ishara ya tumaini, nao wana haki. Hata hivyo yafaa tuone pia namna hati yenyewe ilivyotunzwa. Ilijulikana ni nani aliyeiandika, nani aliyeishuhudia, nakala ya kulinganishia iko wapi, na ni nani aliyekabidhiwa. Mojawapo ya mambo hayo likikosekana, maandishi yaweza kubaki lakini ushuhuda wake hupungua.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi jambo hilo lilivyojitokeza katika taasisi moja kubwa ya zama zetu, yaani Ikulu ya Marekani, tangu watumishi wake walipoanza kuandikiana kwa kompyuta. Baada ya historia hiyo tutauliza inatuambia nini sisi tuliokabidhiwa vitabu vya Kanisa.

1. Shauri la mwaka 1989

Katikati ya miaka ya 1980 watumishi wa Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani walikuwa wakiandikiana kwa mfumo wa kompyuta ulioitwa PROFS. Barua hizo zilichukuliwa kana kwamba ni mazungumzo ya njiani, si nyaraka za masijala. Mwezi Novemba 1986 ilifichuka kwamba serikali ya Rais Ronald Reagan ilikuwa imeiuzia Iran silaha kwa siri, na kwamba sehemu ya fedha hizo ilipelekwa kwa waasi wa Kontra waliopigana na serikali ya Nikaragua. Katika mwezi huohuo mshauri wa Rais wa mambo ya usalama, John Poindexter, na mtumishi wa Baraza, Oliver North, walifuta barua zao. Wa kwanza alifuta zaidi ya 5,000, na wa pili zaidi ya 700.

Lakini kufuta katika kompyuta ya mtu mmoja hakukuwa kufuta kila mahali. Mafundi walikuwa na desturi ya kutengeneza nakala za akiba katika kanda za sumaku, na kanda za siku zile zilitengwa zisitumiwe tena. Mwaka 1987 tume iliyoongozwa na aliyekuwa Seneta John Tower ilizisoma barua hizo na kuzitumia katika taarifa yake. Msomaji wa Biblia atamkumbuka mfalme Yehoyakimu, aliyelikata gombo kwa kisu na kulitupa motoni, na Baruku aliyeliandika upya (Yer. 36). Hatuwezi kuzilinganisha barua za maofisa na Neno la Mungu. Tunachokilinganisha ni mwenendo wa wenye mamlaka, ambao katika kila zama hudhani kwamba jambo lisiloonekana tena halikutendeka.

Tarehe 19 Januari 1989, siku moja kabla Reagan hajaondoka madarakani, mwandishi wa habari Scott Armstrong, taasisi ya utafiti iitwayo National Security Archive na wenzao walifungua shauri la kuzuia kanda hizo zisifutwe. Jaji Barrington Parker alitoa amri ya zuio siku ileile. Serikali ilijitetea kwamba mambo ya maana yamekwisha kuchapwa katika karatasi, kwa hiyo yaliyomo katika kompyuta yaweza kuondolewa. Mwezi Januari 1993 Jaji Charles Richey aliikataa hoja hiyo, na mwezi Agosti Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye. Sababu yao yastahili kuangaliwa kwa makini. Karatasi zilizochapwa zilionyesha maneno ya barua, lakini mara nyingi hazikuonyesha ni nani hasa walioipokea, wala wakati walipoipokea. Kwa lugha ya mahakama, hati ya namna hiyo ni kama mwili uliokatwa viungo.

Hapo ndipo lilipo jambo kuu la historia hii. Katika kutafuta ukweli, swali la nani alijua na lini alijua lina uzito sawa na swali la nini kiliandikwa.

2. Pale mifumo inapopokezana

Mtu angeweza kudhani kwamba hukumu hiyo ilimaliza tatizo. Mwaka 1994 Ikulu iliweka mfumo maalumu wa kunakili na kutunza barua zote, ulioitwa ARMS. Nia ya kufuta haikuonekana tena, lakini barua ziliendelea kupotea kwa njia nyingine.

Kati ya Agosti 1996 na Novemba 1998 barua zilizoingia kutoka nje kwa mamia ya watumishi hazikunakiliwa. Kompyuta mojawapo iliyogawa barua ilikuwa imeandikishwa jina lake kwa namna moja, na mfumo wa utunzaji ukalitafuta kwa namna nyingine, tofauti ikiwa ni ya herufi kubwa na ndogo tu. Kosa hilo lilipokuwa likirekebishwa likazuka la pili: kuanzia Novemba 1998 hadi Mei 1999 hazikunakiliwa barua zilizoingia kwa watumishi ambao majina yao ya kwanza yalianza na herufi D. Kila mfumo peke yake ulifanya kazi yake, lakini barua zilipotea pale mfumo mmoja ulipopaswa kuukabidhi mwingine.

Miaka michache baadaye, katika 2002 na 2003, Ikulu ya Rais George W. Bush ilibadili programu yake ya barua. Mfumo wa ARMS haukupatana na programu mpya, na mwingine wa kuchukua nafasi yake haukuwekwa. Barua zikawa zinakusanywa kwa mkono katika majalada ya kompyuta yaliyotawanyika. Aidha, baadhi ya watumishi walitumia anwani za chama chao cha siasa kwa shughuli za serikali. Mashauri yalifunguliwa mwaka 2007, na Desemba 2009 ilitangazwa kwamba barua zipatazo milioni 22 zilikuwa zimepatikana. Nyingi hazikuwa zimefutwa, bali zilikuwa zimewekwa chini ya alama zisizo zake.

Ezra 6 inasimulia jambo linalofanana na hilo. Mfalme Dario aliamuru amri ya Koreshi itafutwe katika nyumba ya hazina huko Babeli, lakini gombo lilipatikana Akmetha, katika wilaya ya Umedi. Nyumba ya Mungu iliendelea kujengwa kwa sababu watafutaji hawakuishia katika hazina ya kwanza. Hati isiyojulikana iliko ni sawa na hati isiyokuwepo, hasa kwa mnyonge asiye na uwezo wa kugharimia utafutaji mrefu.

3. Marekebisho na mipaka yake

Mwezi Agosti 2012 serikali ya Marekani iliagiza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 2016 idara zake zote ziwe zinatunza barua pepe katika hali yake ya kompyuta, si kwa kuzichapa. Mwaka 2013 Hifadhi ya Taifa ilipendekeza utaratibu ambao barua hutunzwa kwa kufuata cheo: barua za viongozi wa juu huhifadhiwa daima, na za watumishi wengine kwa muda uliowekwa. Kwa njia hiyo mtumishi hakuachiwa tena kuamua barua baada ya barua ipi ina maana. Sheria ya mwaka 2014 ikaongeza kwamba anayetumia anwani yake binafsi kwa kazi ya umma hana budi kuiingiza nakala katika anwani ya kazi ndani ya siku 20.

Hatua hizo ni njema, lakini sheria haiwezi kumfanya mtu kuwa mwaminifu. Tarehe 19 Januari 1993, usiku wa mwisho wa urais wa George H. W. Bush, Mhifadhi Mkuu wa Nyaraka mwenyewe alitia sahihi mapatano yaliyompa Rais huyo mamlaka juu ya kanda zilizobishaniwa. Mahakama iliyabatilisha mwaka 1995. Mtunzaji alikuwepo na sheria ilikuwepo, lakini mtunzaji alimpa mwenye mamlaka kile alichopaswa kukilinda kwa ajili ya wote.

4. Funzo kwa Kanisa

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilizaliwa mwaka 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, kila moja likiwa na desturi na vitabu vyake. Nyaraka za wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, zimehifadhiwa katika mji wa Halle, Ujerumani. Basi sisi tunaijua hali ya Akmetha. Leo imeongezeka nyingine: daftari la ubatizo liko kabatini, hesabu ziko katika kompyuta ya mtunza hazina, sadaka hupitia simu, na maamuzi ya wazee hujadiliwa katika kundi la WhatsApp ambalo halina karani. Mchungaji akihamishwa, simu yake huondoka naye.

Yupo atakayeuliza kama watu wa msamaha wanahitaji kutunza kumbukumbu kwa bidii hivyo, ikiwa Mungu mwenyewe ameahidi kutozikumbuka dhambi (Yer. 31:34). Hoja hiyo ni nzito. Lakini Mungu husamehe dhambi anayoijua, na toba husema jambo kama lilivyokuwa. Anayefuta barua ili asihojiwe hajasamehe wala hajasamehewa. Tena, hasara ya kumbukumbu iliyopotea haimwangukii mkubwa. Humwangukia mjane ambaye mumewe alitoa kiwanja kwa usharika kwa masharti yasiyojulikana tena, na msichana aliyeandika malalamiko dhidi ya mtumishi wa Kanisa akaambiwa hayakupokelewa.

Kutunza, hata hivyo, si kutangaza. Siri ya maungamo haiandikwi popote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatudai tahadhari katika mengine. Hati ya Yeremia nayo ilikuwa na nakala ya wazi na nakala yenye muhuri.

Hitimisho

Historia tuliyoieleza inaonyesha kwamba wingi wa mashine hauondoi haja ya wakili. Kila dayosisi na kila usharika hauna budi kumtaja mtu mmoja, kwa jina na kwa azimio la kikao, atakayejua kila kumbukumbu iko wapi, nani aliiandika na nani aliipokea, na atakayeyakabidhi yote hayo kwa maandishi kila mfumo au mtumishi anapobadilika. Mtu huyo alindwe na kikao dhidi ya wakubwa wake, kwa maana siku itakuja watakapomwomba awape kanda. Paulo asema kwamba linalotakiwa kwa mawakili ni uaminifu (1 Kor. 4:2), na tukiendelea kuhubiri andiko hilo madhabahuni hatuna budi kulitii pia katika masijala.