Kinachomsukuma Mtunzi

Wasikilizaji wetu, mara nyingi tumeulizwa: mtu asiyelipwa wala kuamriwa hutungia nini? Leo twapenda kulitafuta jibu katika habari za wazee wetu wa pwani.

Muyaka bin Haji alikaa Mvita, akafariki yapata mwaka 1840. Zama zake mji ulishindana na Seyyid Said, hata utawala wa Mazrui ukaanguka mwaka 1837. Muyaka alitunga mashairi ya kuwatia wenziwe moyo na kuwakejeli mahasimu. Hapo mtu aweza kusema kuwa alisukumwa na sifa, maana wasikilizaji wake walikuwa mbele yake.

Lakini tumtazame Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, aliyepigana na watawala wa Unguja miaka mingi, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, alimwita binti yake, Mwana Hashima, aje na wino na karatasi, akamtungia utenzi wa wasia wenye beti zaidi ya 100. Yapata mwaka 1860 akafariki.

Ikiwa alitaka kuusia tu, maneno ya kawaida yangalitosha. Mbona alijitaabisha kwa vina na mizani, hali mwili umedhoofu? Twaona sababu mbili. Kwanza, neno lenye mizani hushika moyoni, na mama yule alijua ya kuwa hatakuwapo kulikariri. Pili, mwenye uchungu akiupanga kwa beti, huutawala badala ya kutawaliwa nao. Basi haja ya kutunga si ya sifa peke yake. Ni haja ya kubakiza sauti.

Walakini sauti haibaki yenyewe. Mashairi ya Muyaka yalikuwa vifuani mwa watu, hata Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor wakayakusanya, yakapigwa chapa mwaka 1940. Utenzi wa Mwana Kupona ulihifadhiwa kwa kunakiliwa kwa mkono, nao ukapigwa chapa mwaka 1934. Mangapi mengine yamezikwa na wenyewe, hatuwezi kuyahesabu.

Kwa hiyo, msikilizaji, ikiwa nyumbani mwako yuko bibi au babu atungaye, usimwulize faida yake. Keti karibu naye, ushike kalamu.