Jay Cutler, Chicago Bears na mjadala mrefu kuhusu kwotabeki na kocha

MASHABIKI wa Chicago Bears, mojawapo ya timu kongwe zaidi katika kandanda ya Marekani, walibishana kwa miaka minane kumhusu mchezaji mmoja. Tangu Jay Cutler alipowasili mwaka wa 2009 hadi alipoachiliwa 2017, jiji la Chicago liligawanyika. Wapo waliomwona kuwa kipaji kilichoharibiwa na uongozi mbaya, na wapo waliomwona kuwa ndiye kiini cha masaibu ya timu.

Mjadala huo haukuwa porojo za vijiweni tu. Katika kipindi hicho, makocha wakuu wawili na mameneja wakuu wawili walipigwa kalamu. Kila mara msako wa kocha mpya ulipoanza, swali moja lilitangulia mengine: nani atakayeweza kumfaidi Cutler?

Kazi ya kwotabeki

Katika mchezo huo, kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni mwa takriban kila shambulizi. Kwa muda wa sekunde chache tu, huamua iwapo atamkabidhi mwenzake akimbie nao, atamrushia aliye mbele, au atakimbia nao mwenyewe.

Anaporusha vyema, timu husonga mbele au hupata tachidauni, bao la pointi sita linalokaribiana na trai ya raga. Anaporusha vibaya, mpira hunaswa na wapinzani. Anapochelewa, au wenzake wanaomkinga wanapozidiwa nguvu, huangushwa chini kabla hajaurusha.

Ni kwa sababu hiyo ushindi na kushindwa kwa timu huandikwa kwa jina la kwotabeki, ijapokuwa kikosi kizima kina wachezaji zaidi ya 50. Mwingine anayebeba mzigo kama huo ni kocha mkuu. Mambo yakienda mrama, mashabiki huuliza ni yupi kati ya wawili hao anayestahili kuondoka.

Usajili uliozua matumaini

Bears walitwaa ubingwa wa Super Bowl mara moja tu, Januari 1986, walipoicharaza New England Patriots 46-10 chini ya kocha Mike Ditka. Tangu hapo sifa ya timu hiyo imekuwa ulinzi mkali, huku nafasi ya kwotabeki ikipokezanwa na wachezaji wengi wasiodumu.

Mnamo Februari 2007, kocha Lovie Smith aliifikisha timu hiyo tena kwenye Super Bowl. Ilishindwa na Indianapolis Colts 29-17. Fainali hiyo iliingia katika historia kwa kuwa Smith na mwenzake wa Colts, Tony Dungy, walikuwa makocha wakuu wa kwanza weusi kufika hatua hiyo. Hata hivyo, wengi jijini Chicago waliondoka na funzo moja, kwamba ulinzi mzuri pasipo kwotabeki hodari haungetosha.

Cutler, aliyesomea Chuo Kikuu cha Vanderbilt, alikuwa ameteuliwa wa 11 na Denver Broncos mwaka wa 2006. Alikuwa na mkono wenye nguvu ambao ni wachache walioweza kushindana nao. Mwaka wa 2008, msimu ambao alifichua kwamba anaugua kisukari cha aina ya kwanza, alirusha mpira kwa jumla ya yadi 4,526.

Uhusiano wake na Denver uliingia doa mapema 2009 baada ya kocha mpya, Josh McDaniels, kuhusishwa na mpango wa kumleta kwotabeki mwingine. Aprili 2009, Bears walimchukua kwa gharama kubwa. Walitoa nafasi zao za raundi ya kwanza katika uteuzi wa wachezaji wa vyuo vikuu wa 2009 na 2010, nafasi ya raundi ya tatu, pamoja na kwotabeki wao, Kyle Orton.

Msimu wake wa kwanza uliwapa wakosoaji silaha. Alirusha pasi za tachidauni 27, lakini wapinzani walimnasa mara 26, idadi kubwa kuliko ya kwotabeki yeyote katika ligi mwaka huo.

Goti lililozua dhoruba

Tukio lililoiathiri sifa ya Cutler kuliko jingine lolote lilitokea Januari 23, 2011, katika uwanja wa Soldier Field. Bears walikuwa wakicheza na mahasimu wao wa jadi, Green Bay Packers, na mshindi angefuzu kwa Super Bowl. Cutler aliumia goti, akacheza kidogo mwanzoni mwa kipindi cha pili kisha akabaki kando ya uwanja. Bears walishindwa 21-14, na Packers wakaenda kutwaa ubingwa.

Kabla mechi haijaisha, baadhi ya wachezaji wa timu nyingine waliokuwa wakitazama runingani walikuwa tayari wamemkejeli kwenye mtandao wa Twitter, wakidai kwamba alikosa moyo. Picha zake akiwa ameketi kimya zilisambaa, na baadhi ya mashabiki walichoma jezi zenye jina lake.

Uchunguzi uliofanywa siku iliyofuata ulionyesha kuwa kano ya upande wa ndani wa goti ilikuwa imejeruhiwa. Kocha Smith na wachezaji wenzake walimtetea hadharani. Hata hivyo, kwa mashabiki wengi hukumu ilikuwa imekwisha kutolewa.

Waliomtetea walikumbusha kwamba msimu huo huo Cutler alikuwa ameangushwa mara 52. Mnamo Oktoba 2010, New York Giants walimwangusha mara tisa katika kipindi cha kwanza pekee, naye akaondoka na jeraha la kichwa. Iliwawia vigumu kuelewa jinsi mtu aliyevumilia kipigo cha aina hiyo alivyoweza kuitwa mwoga.

Msimu uliofuata uliwapa hoja nyingine. Bears walikuwa wameshinda mechi saba na kupoteza tatu Cutler alipovunjika kidole gumba mnamo Novemba 2011. Bila yeye walishindwa mara tano mfululizo na wakakosa kufuzu kwa mechi za mwondoano. Meneja mkuu Jerry Angelo alifutwa kazi, na nafasi yake ikachukuliwa na Phil Emery.

Msako wa kocha wa 2013

Mwaka wa 2012, Bears walishinda mechi saba kati ya nane za kwanza, kisha wakayumba. Walimaliza na ushindi mara 10 na kushindwa mara sita, na bado hawakufuzu. Mnamo Jumatatu, Desemba 31, Smith alitimuliwa. Siku hiyo makocha wakuu saba wa ligi hiyo walipoteza kazi.

Uamuzi huo uliwagawanya mashabiki. Smith alikuwa ameshinda mechi 81 na kupoteza 63 katika misimu tisa, rekodi ambayo timu nyingi zingeitamani. Waliounga mkono kufutwa kwake walisema kwamba hakuwahi kupata jibu la udhaifu wa mashambulizi. Waliopinga walihoji ni kosa la nani iwapo kwotabeki alibadilishiwa kocha wa mashambulizi kutoka Ron Turner hadi Mike Martz, kisha Mike Tice, katika misimu minne.

Emery aliwahoji watu zaidi ya 10. Kanuni ya ligi iliyoanza kutumika 2003, inayojulikana kwa jina la Dan Rooney wa Pittsburgh Steelers, huzilazimu timu kuwahoji makocha kutoka jamii zilizobaguliwa kabla ya kuajiri kocha mkuu. Hatimaye walibaki watatu: Bruce Arians, Darrell Bevell na Marc Trestman.

Arians baadaye alitawazwa kocha bora wa mwaka kwa kuishikilia timu ya Colts wakati kocha wake, Chuck Pagano, alipokuwa akitibiwa saratani. Trestman, kwa upande wake, alikuwa nchini Kanada, ambako aliiongoza Montreal Alouettes kunyakua Kombe la Grey mwaka wa 2009 na 2010. Alisifika kwa kuwanoa makwotabeki.

Januari 2013, Emery alimchagua Trestman. Arians alienda Arizona Cardinals, na Februari 2021 akashinda Super Bowl akiwa na Tampa Bay Buccaneers. Hadi leo, jina la Arians hutajwa kila mashabiki wa Bears wanapohesabu nafasi zilizowaponyoka.

Mamilioni na maporomoko

Mwanzoni Trestman alionekana kuwa jibu. Msimu wa 2013, Bears walifunga pointi 445, wakiwa wa pili katika ligi nzima. Tatizo ni kwamba ulinzi uliporomoka, na timu ikamaliza kwa ushindi mara nane na kushindwa mara nane.

Aidha, mjadala ulipata kuni mpya. Cutler alipoumia, msaidizi wake Josh McCown alirusha pasi 13 za tachidauni na kunaswa mara moja tu. Wapo waliouliza kwa nini mkongwe huyo asiyelipwa fedha nyingi asipewe nafasi ya kudumu. Klabu ilijibu mapema Januari 2014 kwa kumpa Cutler mkataba wa miaka saba wa takriban dola milioni 126, huku milioni 54 kati ya hizo zikiwa na uhakika wa kulipwa.

Kilichofuata ni balaa. Mwaka wa 2014 Bears walilimwa 51-23 na Patriots, na katika mechi iliyofuata wakachapwa 55-14 na Packers. Hakuna timu ya ligi hiyo iliyokuwa imefungwa pointi 50 au zaidi katika mechi mbili mfululizo tangu 1923. Mnamo Desemba, kocha wa mashambulizi Aaron Kromer aliomba radhi mbele ya kikosi baada ya kukiri kwamba alimkosoa Cutler kwa siri akizungumza na mwanahabari.

Cutler aliwekwa benchi kwa mechi moja, na Desemba 29 Emery na Trestman wote wakafutwa kazi. Mashabiki wa pande zote mbili walipata takwimu za kujivunia katika msimu huo huo. Cutler alikuwa amerusha pasi za tachidauni 28, nyingi kuliko mwaka wowote mwingine katika maisha yake ya uchezaji, na alikuwa amenaswa mara 18.

Hesabu ya mwisho

John Fox, aliyekuwa amezifikisha Carolina Panthers na Denver Broncos kwenye Super Bowl, alitwaa mikoba Januari 2015. Chini ya kocha wa mashambulizi Adam Gase, Cutler alitulia na kupata alama bora zaidi za ubora wa urushaji katika taaluma yake. Gase aliondoka baada ya mwaka mmoja, majeraha yakarejea, na Machi 2017 Bears wakamwachilia mchezaji huyo.

Wahenga walinena: Mgala muue na haki yake umpe. Cutler aliondoka akiwa na rekodi za klabu za yadi 23,443 na pasi za tachidauni 154, akiwa amempiku Sid Luckman aliyecheza kati ya 1939 na 1950. Wakati huo huo, katika mechi 102 alizoanza akivalia jezi ya Bears, alishinda 51 na kupoteza 51, na alifika mechi za mwondoano msimu mmoja pekee.

Kuondoka kwake hakukumaliza ubishi. Mitchell Trubisky alichaguliwa 2017 na Justin Fields 2021, nao wote wakaenda zao. Fox alifuatwa na Matt Nagy, kisha Matt Eberflus, ambaye Novemba 2024 alikuwa kocha mkuu wa kwanza katika historia ya Bears kufutwa kazi katikati ya msimu.

Januari 2025 timu hiyo ilimwajiri Ben Johnson, aliyekuwa ameng'aa kama kocha wa mashambulizi wa Detroit Lions. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumkuza Caleb Williams, kwotabeki aliyeteuliwa wa kwanza kabisa mwaka wa 2024. Safari hii, tofauti na 2013, kocha alitafutwa kijana akiwa bado katika mwaka wake wa kwanza, kabla makocha watatu au wanne wa mashambulizi hawajampitia kwa misimu mingi kama ilivyokuwa kwa Cutler.